Redio ya Ridhaa Wakati wa Msiba

Tumekusudia leo kuwaeleza wasomaji wetu habari za watu ambao wengi wetu hatujapata kuonana nao, nao ni watu wa redio ya ridhaa. Redio hii siyo ile ya kusikilizia habari na nyimbo nyumbani. Ni redio isikiayo na kusema pia, na mwenyewe aweza kuwa mwalimu, fundi wa magari, mke wa mkulima, au mzee aliyekwisha staafu, ambaye alifanya mtihani akapewa leseni ya kupeleka sauti yake hewani. Halipwi kitu. Sheria yamkataza kupokea ujira kwa kazi hiyo, ndiyo sababu ikaitwa ya ridhaa. Wazee wetu walipoona mara ya kwanza simu isiyo na nguzo wala nyaya waliiita simu ya upepo, na jina hilo lafaa hata sasa.

Katika nchi ya Marekani wengi wa watu hawa wamejiunga katika vikundi vya wilaya, ili wapeleke habari wakati wa gharika, moto au tufani. Utaratibu wao huitwa ARES, nao uko chini ya chama chao kikubwa, American Radio Relay League. Kila kikundi kina mkuu wake, naye hupatana mapema na wakubwa wa zimamoto, wa hospitali na wa Msalaba Mwekundu juu ya kazi watakayopewa watu wake siku ya shida. Tena kila kikundi hutoa habari zake kwa wanachama. Ukizisoma habari hizo waweza kucheka. Betri za mtambo wa mlimani zimebadilishwa. Mtihani wa leseni utafanyika Jumamosi katika maktaba. Watakiwa watu sita wenye redio za mkononi wasimame njiani siku ya mashindano ya baiskeli. Baraza la hewani litakuwa saa mbili usiku kama desturi, na waliokosa mara tatu mfululizo waombwa kuangalia redio zao kama zingali nzima.

Mgeni atauliza, je, hizi nazo ni habari za kuandikwa? Sisi twaona ndizo habari zenyewe, na mfano wa mwaka 2024 waonyesha kwa nini.

Usiku wa tarehe 26 Septemba 2024 tufani iliyopewa jina la Helene ilipiga pwani ya Florida, kusini ya Marekani. Watu wa pwani walikuwa wameonywa, nao wamezoea mambo hayo. Lakini tufani haikuishia pwani. Siku ya pili yake, Ijumaa, ilipanda mpaka milima ya magharibi ya jimbo la North Carolina, mahali palipo mbali sana na bahari, ambapo mvua ilikuwa imekwisha nyesha kabla yake na ardhi imeshiba maji. Mto French Broad, upitao katika mji wa Asheville, ulifurika kupita kimo cha gharika ya mwaka 1916, ambayo wenyeji walikuwa wakiihadithia kama jambo lisilopata kutokea tena. Milima ilimomonyoka. Madaraja yalichukuliwa, na barabara kuu iendayo Tennessee ililiwa na mto ukingoni. Umeme ulikatika. Nyaya za simu zilikatika, na milingoti ya simu za mkononi ikanyamaza, mingine kwa kukosa umeme, mingine kwa kuwa nyaya ziletazo maneno kwake zilichukuliwa pamoja na barabara. Mabomba makubwa ya maji ya mji yalivunjika pia. Watu wa Asheville hawakuruhusiwa kunywa maji ya bomba kama kawaida mpaka tarehe 18 Novemba. Katika jimbo hilo peke yake walikufa watu zaidi ya 100.

Basi fikirini hali ya asubuhi ile. Mtu yuko upande huu wa bonde, mama yake yuko ng'ambo, na katikati hapana njia wala simu. Askari wa zimamoto wapo, wana nguvu na vifaa, lakini hawajui waanzie wapi. Helikopta zapita juu, nazo hazijui nani ana jeraha na nani ana njaa tu. Nguvu zilikuwapo, kilichopotea ni habari.

Karibu na Asheville uko mlima uitwao Mount Mitchell. Urefu wake ni futi 6,684, na hata hivyo haufikii nusu ya Kilimanjaro. Lakini upande wote wa mashariki ya mto Mississippi hapana mlima mrefu kuupita. Juu yake wanaridhaa wameweka mtambo wa kupokeza sauti, nao ulibaki mzima gharika ilipokwisha pita. Mtu mwenye redio ndogo ya mkononi alipoifungulia kwenye megahezi 145.190 alisikia sauti za watu.

Yafaa tueleze mtambo huu wafanyaje kazi. Redio ya mkononi hutumia nguvu ya wati 5 hivi, yaani haifiki sehemu ya kumi ya nguvu ya taa moja ya mbele ya gari. Mawimbi yake huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Mlima ukikaa mbele yake, yamekwisha. Kwa hiyo watu wawili walio katika mabonde mawili hawasikilizani, ingawa umbali wao ni maili tatu. Lakini wote wawili wauona mlima mrefu. Mtambo uliowekwa kileleni husikia sauti ya mmoja, na papo hapo huitoa tena kwa nguvu kubwa zaidi, katika masafa mengine yaliyo karibu na yale ya kwanza, ili kusikia kwake na kusema kwake visigongane. Ni kama mpiga mbiu aliyesimama juu ya kilima akirudia kila aambiwalo na watu wa chini. Tofauti ni kwamba mbiu hii hufika wilaya nyingi kwa mara moja. Tena mtambo huo hautaki nyaya za simu. Wataka antena, mahali pa juu, na umeme kidogo ambao waweza kutoka katika betri au jenereta. Hapo ndipo ile habari ya betri zilizobadilishwa ionekanapo uzito wake.

Maneno yaliyopita juu ya mlima ule siku zile yalikuwa maombi ya maji na ya dawa, habari za njia zipitikazo na zisizopitika, na zaidi ya yote maulizo ya jamaa: fulani wa mahali fulani, je, yu hai? Nani aliye karibu aende akatazame? Wako watu wasio na leseni waliopata redio ndogo wakasikiliza tu bila kusema, na kusikiliza kwenyewe kuliwafaa sana, maana walijua maji yagawiwa wapi, na daraja gani lisikaribiwe.

Sasa, ikiwa mamia ya watu wenye hofu wote wataka kusema katika mlango mmoja, kitatokea nini? Machifu na wazee wanaoongoza mabaraza wajua jibu. Lakini hewani mambo ni mabaya kuliko barazani. Barazani wawili wakisema pamoja, angalau waonana, na mmoja atanyamaza. Hewani, wawili wakisema pamoja, pengine hutoka mngurumo tu, au husikika yule mwenye nguvu zaidi peke yake, na mnyonge hajui kwamba hakusikika. Atakaa akingoja msaada usiokuja.

Kwa sababu hiyo wana desturi ya baraza la hewani, nayo ndiyo wanayoizoeza kila juma wakati ambapo hapana shida yoyote. Mmoja huwa msimamizi. Kwanza huuliza, je, yuko mwenye neno la hatari ya uhai? Hunyamaza kidogo asikilize. Kisha huuliza, je, yuko mwenye neno la haraka? Hunyamaza tena. Ndipo huwaita wengine kwa zamu, na kila mtu hujibu kwa alama yake ya mwito, maneno machache, akaachia. Asiyeitwa hasemi. Wiki baada ya wiki hapana neno la hatari wala la haraka, na mazoezi hayo huwa makavu kama hesabu za mtoto wa darasa la kwanza. Twakiri kwamba kumsikiliza mtu akisoma orodha ya majina saa nzima si mchezo wa kuburudisha. Lakini ule unyamavu baada ya swali la kwanza ndio mlango ambao mwenye redio hafifu, aliye bondeni, betri yake ikikaribia kufa, atapitia siku moja. Watu wasiozoea kunyamaza hapo hawawezi kufundishwa siku ya gharika.

Walimu watapenda kusikia jinsi barua ya hewani iandikwavyo, maana ina adabu yake. Haisemwi kwa mazungumzo. Huandikwa kwanza katika fomu, yenye namba yake, daraja yake, alama ya kituo kilichoitoa, hesabu ya maneno, mahali, saa na tarehe. Daraja ni nne: ya hatari ya uhai, ya haraka, ya hali ya jamaa, na ya kawaida. Jambo litupendezalo sana ni hesabu ya maneno. Tuchukue mfano wetu wenyewe:

MTO UMECHUKUA DARAJA WATU TISA NG'AMBO WATAKA MAJI NA DAWA YA KISUKARI LETENI KWA MIGUU NJIA YA SHULENI

Hayo ni maneno 18, na namba 18 hutajwa kabla ya maneno yenyewe. Mwenye kupokea huandika, halafu huhesabu. Akipata 17, hatii sahihi yake. Huomba kurudiwa, kwa sababu huenda neno lililopotea ni KISUKARI, na dawa bila jina lake ni mzigo wa bure mgongoni mwa mchukuzi. Majina ya watu na ya mahali hutajwa herufi moja moja, na kila herufi ina neno lake, Alfa, Bravo, Charlie na kuendelea, maana B na D na P husikika sawa katika redio yenye kelele. Apokeaye hana ruhusa ya kutengeneza lugha ya mwenye barua, hata akiona imekosewa. Huipeleka kama ilivyo. Karani mjuaji mno hapa ni hatari.

Jambo la kupokezana habari ndilo lililoanzisha chama chao. Mwaka 1914 Bwana Hiram Percy Maxim wa mji wa Hartford alitaka kupeleka habari kwa redio katika mji wa Springfield, umbali wa maili 30 hivi, asiweze. Akampata mwenzake aliye katikati, naye akaipokea na kuifikisha. Maxim akaona kwamba vituo vikijipanga hivyo, habari ingeweza kuvuka nchi nzima kwa mikono ya watu wasiolipwa, wakaunda chama mwaka huo huo. Kikosi chao cha dharura kilianzishwa mwaka 1935. Uingereza walichelewa mpaka bahari ilipowafundisha: usiku wa tarehe 31 Januari 1953 Bahari ya Kaskazini ilipanda juu ya nchi, watu 307 wakafa katika Uingereza, na mwaka huo ndipo ilipoundwa jumuiya ya RAYNET, ambayo ingaliko.

Mfano mwingine watoka katika bahari yetu wenyewe. Mwezi wa Desemba 2004 Bibi Bharathi Prasad wa India alikuwa Port Blair, katika visiwa vya Andaman, pamoja na wenzake. Kwa miaka mingi redio ya ridhaa haikuruhusiwa visiwani huko, na ruhusa ilipopatikana walikwenda kwa furaha ya kuzungumza na wanaridhaa wenzao wa dunia nzima. Kwa watu hawa, kuzungumza na kisiwa kisichosikika ni kama mvuvi kupata samaki asiyepatikana. Tarehe 26 Desemba, karibu saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi kwa saa za huko, chini ya bahari karibu na Sumatra palitokea tetemeko kubwa mno, na mawimbi yakavipiga visiwa. Simu zikafa. Bibi Bharathi akageuza kituo cha mchezo kuwa kituo cha msaada, wakapokea na kupeleka habari za walio hai na waliopotea, kati ya visiwa na bara ya India, siku baada ya siku. Vifaa vilikuwapo tayari, na watu wenye kuvijua walikuwapo tayari. Havikuletwa baada ya msiba.

Mawimbi yale yale yalivuka bahari, yakafika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki mchana wa siku ile ile, baada ya saa nane au zaidi. Somalia ilipoteza watu wengi. Tanzania walikufa maji watu kadhaa. Kenya, ambako watu waliondolewa pwani, alikufa mmoja. Saa nane ni muda wa kutosha kumwondoa kila mtoto mchangani, ikiwa liko neno la kuletwa na wako masikio ya kulipokea.

Redio iliyotumika Andaman haikuwa ya namna ile ya mlimani, bali ya mawimbi mafupi. Haya hupanda juu yakafika tabaka la hewa lililotiwa umeme na jua, maili nyingi juu ya vichwa vyetu, yakarudishwa chini mbali sana. Hayataki mlima wala mtambo katikati. Ubaya wake ni kwamba hubadilika na saa: masafa yafaayo mchana hayafai usiku, na mwenye kituo lazima ajue tabia yake kama nahodha ajuavyo kusi na kaskazi. Elimu hiyo haipatikani kwa kusoma kitabu siku ya gharika.

Wako wasemao kwamba kazi hii yote imekwisha pitwa na wakati, kwa kuwa sasa ziko simu na intaneti zipatikanazo kwa setilaiti. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Katika milima ya North Carolina vyombo vya setilaiti vilipelekwa vikafaa sana, navyo hubeba habari nyingi kuliko redio. Lakini vilibidi kupelekwa, na njia zilikuwa zimekatika; redio ilikuwa imekwisha kuwapo mikononi mwa watu tangu saa ya kwanza. Sisi twaona kimoja hakimfukuzi mwenziwe.

Kosa ambalo viongozi wao hulikemea sana ni mtu kujiendea msibani bila kuitwa. Huyo hujaza redio na antena garini, akafika mahali palipokatika maji na chakula, naye akawa tumbo moja zaidi la kulishwa. Desturi yao ni kungoja mwito. Mwaka 2017, tufani Maria ilipokwisha haribu kisiwa cha Puerto Rico, Msalaba Mwekundu wa Marekani ndio uliotuma mwito wa kutaka wanaridhaa 50, na chama kikachagua watu kwa ujuzi wao. Kazi yao kubwa ilikuwa kuandika na kupeleka habari za hali ya watu kwa jamaa zao walio mbali. Kadhalika hukatazwa kueneza neno lisilo na mwenyewe. Habari ya kwamba boma la maji limepasuka, isiyojulikana imetoka kwa nani, yaweza kuua watu barabarani kwa kukimbia.

Tumalizie na mambo ya leseni. Marekani mtihani wa daraja ya kwanza una maswali 35, na mtu akijibu sawasawa 26 amefaulu. Leseni hudumu miaka 10. Zamani ilimpasa kila atakaye kutumia mawimbi mafupi ajue kupiga alama za Morse, lakini mkutano wa mataifa wa mwaka 2003 uliondoa sharti hilo katika kanuni za dunia, na mkutano huo huo ukazihimiza serikali ziwaruhusu wanaridhaa kujitayarisha kwa kazi ya misiba. Katika nchi zetu leseni hutolewa na mamlaka za serikali, yaani TCRA kwa Tanzania na Communications Authority kwa Kenya. Alama za mwito za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, za Uganda 5X, za Rwanda 9X, za Burundi 9U, na za Kongo 9Q. Kusema hewani bila leseni ni kosa la sheria. Marekani sheria ina mlango mmoja tu: uhai wa mtu ukiwa hatarini na njia za kawaida zikikosekana, mwenye kituo hazuiwi kutumia njia yoyote ya redio aliyo nayo.

Wanaridhaa wa mataifa wamepatana juu ya masafa ya kukutania wakati wa msiba mkubwa. Kwa upande wetu wa dunia ni megahezi 3.760 na 7.110 kwa umbali mdogo, na kwa umbali mkubwa 14.300, 18.160 na 21.360. Mwenye leseni akipita hapo akakuta baraza la msiba linaendelea, naye hana neno la lazima, hunyamaza akasikiliza, kalamu mkononi, kwa maana huenda kituo dhaifu kikasikika kwake peke yake.